Rangi Si Kipimo, Acheni Kutuuzia Upepo

Skizeni wasee, wacha niseme hii kitu wazi ndio tusisumbuane huko kwa komenti: rangi si kipimo. Ukiniwekea video ya gari au bawa la ndege linang'aa nyekundu, kijani na buluu, halafu chini uandike "sayansi imethibitisha", hujathibitisha kitu. Umenionyesha rangi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na sisemi hivi kwa wivu wa watazamaji. Nasema kwa sababu kuna watu wanatoa doh. Mtindo ni ule ule: klipu ya maabara, upepo unapita juu ya uso mweusi, rangi zinacheza kama taa za nganya, muziki mzito, na kabla video iishe kuna kitu kinauzwa. Mara ni mpako wa kufanya gari "liteleze hewani". Mara ni stika ya kupunguza mafuta. Mara ni nta ya kupaka pikipiki ya umeme ndio betri iende mbali. Na mnunuzi si tajiri. Ni dereva wa teksi anayehesabu kila lita. Ni msee wa Probox anayetoka Nairobi kwenda Namanga usiku. Ni kijana wa boda aliyechukua pikipiki kwa mkopo, na jioni lazima atume pesa ya watu. Huyo ndiye mnampiga na rangi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba baadhi ya hizo klipu ni za kweli kabisa. Ile rangi inayobadilika upepo ukipita si uchawi wala si ujanja wa kompyuta. Ni kazi ya maana ambayo watu wameifanya kwa miaka mingi, na mnaiba sura yake mnaacha akili yake. Kwa hivyo kwanza nitawaeleza hiyo kitu ni nini, halafu nitawaonyesha mahali mnadanganya.

Inaitwa fuwele kiowevu. Fuwele unaijua: chumvi, sukari, kitu ambacho molekuli zake zimejipanga kwa mstari kama wanafunzi kwa gwaride. Kiowevu pia unakijua: molekuli zimezurura kila mahali kama watu stendi ya Machakos siku ya Krismasi. Sasa kuna vitu viko katikati. Vinatiririka, lakini ndani molekuli bado zina mpangilio. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea huko Prague, Friedrich Reinitzer, alikuwa anapasha moto dawa fulani inayotokana na kolesteroli. Kwa nyuzi 145 hivi iliyeyuka ikawa ukungu. Akaendelea kupasha, na kwa nyuzi 178 hivi ule ukungu ukatoka, ikawa angavu. Yaani kitu kimoja kinayeyuka mara mbili! Akamwandikia mwanafizikia Mjerumani, Otto Lehmann, aliyekuwa na darubini ya kuangalia vitu vikiwa moto. Lehmann akaangalia, akaona kiowevu kinachotenda kama fuwele. Hapo ndipo jina lilitoka. Vioo vya televisheni nyingi na simu nyingi za bei nafuu hutumia jamaa wa hiyo hiyo familia.

Aina ambayo inatuhusu leo ina molekuli zilizojipanga kwa tabaka, na kila tabaka limegeuka kidogo kuliko lililo chini yake, kama ngazi ya kuzunguka kwenye nyumba ya gorofa. Mwanga mweupe ukiingia, ile rangi ambayo wimbi lake linalingana na mzunguko wa hiyo ngazi inarudishwa kwako. Rangi zingine zinapita. Ndio maana uso lazima upakwe mweusi kwanza, ili mwanga uliopita umezwe usirudi kuharibu picha. Halafu unapaka fuwele yenyewe, nyembamba kuliko unywele. Hewa ikipita inaikokota. Ngazi inainama na kubanwa, na rangi unayoiona inahama. Msuguano ukizidi, rangi inatoka kwenye nyekundu kuelekea buluu. Upepo ukikoma, inarudi ilivyokuwa. Poa sana, nakubali.

Na kwa nini mtu ahangaike kupima msuguano wa hewa? Kwa sababu ndege ya abiria ikiwa juu kwa mwendo wa safari, karibu nusu ya ukinzani wote unaoizuia ni hewa kusugua ngozi yake. Nusu! Mafuta yanachomwa ili kupambana na kitu ambacho huwezi kukiona wala kukishika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, E. J. Klein wa kituo cha NASA cha Ames kule California alianza kutumia fuwele kiowevu kwenye majaribio ya hewa, na 1969 yeye na Margozzi wakatoa ripoti kuhusu kuzitumia kupima msuguano wa uso. Hizo ripoti ziko wazi, bure. Hulipi karo kuzisoma.

Sasa hapa ndipo ugomvi wangu unaanza. Uso uliopakwa fuwele unaweza kuulizwa maswali matatu, na kila swali lina bei yake. Nyinyi mnalipa bei ya la kwanza, halafu mnajifanya mmejibu yote.

Swali la kwanza ni WAPI. Hewa iliyo karibu na uso hutembea kwa utulivu kwa muda, halafu mahali fulani inavurugika, na msuguano unapanda ghafla. Mwaka 1986, Bruce Holmes na wenzake wa NASA Langley, Virginia, walionyesha hii kitu kwenye ndege ikiwa hewani, si maabara: wakapaka fuwele, wakaruka, na rangi ikabadilika pale pale utulivu unapoisha. Kazi safi. Lakini angalia walichouliza: utulivu unaishia wapi? Kwa swali hilo, rangi peke yake inatosha. Hawakuhitaji namba ya msuguano, na hawakuuza namba.

Swali la pili ni UPANDE GANI. Hapa ndipo klipu zenu zinaanguka kifudifudi. Hii fuwele haikuonyeshi rangi ile ile ukiwa umesimama popote. Upepo ukienda mbali na wewe, rangi inahama vizuri kuelekea buluu. Upepo ule ule, kwa nguvu ile ile, ukija upande wako, unaona wekundu wa kutu tu, kama hakuna kitu kinachotendeka. Rudia kusoma hapo. Uso ni ule ule na upepo ni ule ule. Kamera ndiyo imehama, na habari imebadilika yote.

Daniel Reda na wenzake kule Ames walishughulika na hii kitu miaka ya 1990. Mwanga mweupe unatoka juu moja kwa moja. Kamera inaangalia uso kwa mshazari, na inazungushwa kuangalia doa lile lile kutoka pande kadhaa. Kwa kila doa unachora rangi uliyopata dhidi ya upande uliosimama. Unapata mkunjo kama kengele. Kilele cha hiyo kengele kinakuambia msuguano unaelekea wapi, na rangi ya pale kileleni inakuambia ni mkubwa kiasi gani. Kwa hivyo mtu akinipostia klipu moja, ya kamera moja, imesimama mahali pamoja, aniambie "angalia hapa ni buluu na pale ni nyekundu, hapa msuguano ni mwingi", namuuliza tu: kamera ilikuwa upande gani? Hajui. Pale pekundu inawezekana upepo unakuja kwake tu.

Swali la tatu ni KIASI GANI. Hili ndilo la pesa, kwa sababu mnunuzi anataka kujua ataokoa ngapi. Na rangi haina namba iliyoandikwa juu yake. Lazima mtu achukue fuwele ile ile, chini ya mwanga ule ule, na kamera ile ile, aiweke mahali ambapo msuguano unajulikana kwa njia nyingine. Kwa mfano ndani ya bomba. Kwenye bomba refu lililonyooka, ukipima presha mwanzo na mwisho, unapata msuguano wa ukuta kwa hesabu ya darasani: tofauti ya presha, mara kipenyo, gawanya kwa mara nne ya urefu. Bomba la kipenyo cha milimita 20, presha ikishuka paskali 200 kwa mita moja, msuguano ukutani ni paskali 1. Unaandika: paskali 1, rangi hii. Unaongeza upepo, unaandika tena. Ukimaliza una jedwali. Hilo jedwali ndilo kipimo. Rangi ni njia ya kulisoma tu. Bila jedwali una pambo la ukutani.

Na mjue hiyo paskali 1 ni kitu kidogo namna gani. Karatasi ya kawaida ya kuprintia, ile A4, ikilala mezani inakandamiza meza kwa karibu paskali 0.8. Hiyo ndiyo saizi ya nguvu tunayoongelea. Mtu anayedai ameiona kwa macho, bila jedwali, kwa simu, ananiona mimi mjinga.

Sasa turudi kwa hiyo Probox.

Tuseme mmepima kila kitu vizuri. Tuseme jedwali liko, kamera zimezunguka, namba ni safi. Bado hiyo mpako yenu haina kazi, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ilijulikana tangu 1904, wakati Ludwig Prandtl, Mjerumani, alipoeleza yale yanayotendeka karibu na uso. Hewa inayogusa uso haitelezi. Imeshika. Ile inayofuata inateleza juu yake, na inayofuata juu ya hiyo, mpaka ufike hewa inayokwenda kwa mwendo wake kamili. Msuguano unatoka hapo, hewa ikisugua hewa yenzake. Sasa unapaka nta ndio hewa "iteleze" juu ya gari? Hewa ya kwanza itashika kwa nta vile inashika kwa rangi, kwa kioo na kwa bati. Ulaini una maana, ndio, ikiwa uso ni mbaya sana, una vipele na matope. Lakini rangi ya kawaida ya gari tayari ni laini ya kutosha. Umeuziwa ulaini juu ya ulaini.

Sababu ya pili ni umbo. Ndege imechongwa kama samaki, kwa hivyo kinachobaki ni kusuguliwa. Gari la umbo la sanduku ni hadithi nyingine. Linasukuma hewa kwa mbele na kuacha vurugu nyuma, na huko ndiko ukinzani mwingi unatoka. Fanyeni hesabu na mimi. Gari lenye uso wa mbele wa mita mraba 2.5 na kigezo cha ukinzani cha 0.4, likienda kilomita 100 kwa saa, linazuiwa na hewa kwa nyutoni 460 hivi. Msuguano wa uso kwa mwendo huo ni kama paskali 1 na nusu. Zidisha kwa mita mraba 25 za mwili wa gari, unapata nyutoni 37 au 38. Chini ya moja kwa kumi! Hata ungefuta msuguano wote wa uso, kitu ambacho hakiwezekani, zaidi ya tisa kwa kumi ya mzigo bado iko pale pale. Na hiyo ni kwa kilomita 100. Matatu kisheria haifai kupita 80. Na Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, hewa haina habari na wewe kabisa.

Unataka kuokoa mafuta bure? Shuka kutoka 100 hadi 80. Ukinzani wa hewa unaenda na mwendo mara mwendo, kwa hivyo unabaki na asilimia 64. Toa ile keria tupu juu ya paa. Angalia upepo wa tairi. Hakuna hata moja kati ya hizo inang'aa, na hakuna inayokupa kamisheni, ndio maana hamzisemi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Najua majibu yenu, yameshaanza kuingia kabla hata sijaposti.

La kwanza: "Lakini hata NASA wanatumia rangi." Ndio, na nimewaambia wanaitumiaje. Wanauliza wapi, wanajibu wapi. Wakitaka kiasi, wanazungusha kamera na kutengeneza jedwali. Hata fuwele yenyewe wanachagua kwa makini, kwa sababu kuna zinazobadilika rangi kwa joto. Zile stika za kupima homa kwenye paji la uso ni familia hiyo hiyo. Ukitumia fuwele ya joto, taa ya kamera ikiipasha kidogo tu, inabadilika, na wewe unasema ni upepo. Kwa hivyo usijifiche nyuma ya NASA. Fanya wanavyofanya.

La pili: "Watu wanataka kitu rahisi, ukianza maneno ya paskali wanaruka." Hii ndiyo inaniudhi kabisa, kwa sababu ni dharau iliyovaa suti. Hawa watu mnaosema hawataki namba ndio wanajua bei ya petroli mpaka senti. Dereva wa boda anajua kilomita ngapi betri inampa kwa chaji moja, akiwa na abiria na akiwa peke yake, kupanda na kushuka. Mama mboga anapiga hesabu ya faida kichwani na wewe bado unatafuta kalkuleta. Watu hawaogopi namba. Wanachochoka nacho ni mtu anayewaletea namba isiyo na mizizi.

Na kama unataka kontenti ya kuonekana, iko. Chukua nyuzi za sufu, kata vipande vya urefu wa kidole, ubandike kwa selotepu nyuma ya gari na ubavuni. Rafiki aendeshe, wewe urekodi ukiwa kwa gari lingine, mahali salama. Nyuzi zikilala, hewa imeshikana na uso. Zikicheza ovyo au zikielekea mbele, hapo hewa imebanduka. Ni njia ya kizamani, watu wa ndege bado wanaitumia, na gharama ni ndogo kuliko chipo mwitu. Lakini useme ukweli: nyuzi zinaonyesha hewa inaelekea wapi, hazipimi msuguano. Ukisema hivyo, video yako haipungukiwi na kitu. Inapata heshima.

La tatu ndilo mnalipenda: "Wewe ni nani? Si uliacha chuo?" Niliacha, ndio. Mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, karo ilikataa. Sijaficha na sitaficha. Sasa skiza vile hiyo hoja inageuka. Mtu mwenye digrii akiongea, watu wanaamini cheti kabla hajamaliza sentensi. Mimi sina cheti cha kusimamia. Kila kitu nikisema, lazima niweke mezani: nimepataje, hesabu ni ipi, wewe mwenyewe unaweza kuirudia vipi. Angalia hizo namba za gari hapo juu. Si lazima uniamini. Chukua simu, piga hesabu. Ukipata kosa, niambie na uonyeshe.

Hiyo ndiyo mali pekee sisi tusio na vyeti tuko nayo. Na nyinyi mnaoposti rangi bila jedwali mnaiharibu. Kila kijana anayenunua stika ya upepo na kukuta mafuta ni yale yale, hatasema "nilidanganywa na fulani". Atasema "hawa watu wa mtandao wote ni matapeli". Kesho mwingine akileta kitu cha kweli, chenye kipimo, kinachoweza kumwokolea pesa, hatasikilizwa. Mmekula mbegu.

Kwa hivyo kuanzia leo, ukiona klipu ya rangi na kitu kinauzwa chini yake, nenda kwa komenti uandike maswali matatu. Usitukane, uliza tu. Kamera ilikuwa upande gani, na mlipiga kutoka pande ngapi? Jedwali la kubadilisha rangi kuwa namba liko wapi, na lilipatikana vipi? Na hicho mlichopima ni sehemu gani ya ukinzani wote wa gari?

Mwenye kazi safi atafurahia hayo maswali, kwa sababu majibu anayo. Mwingine atakublock. Ukiblockiwa, piga picha ya skrini unitumie, mimi nitauliza kwa niaba yako.